Dawa Haikushika

Kovu lilikuwa kwenye titi la kushoto la mama, upande wa kwapani, na wadogo zangu wawili wa mwisho walinyonya kando yake bila kuuliza lolote. Alikuwa amekatwa hapo zamani, katika hospitali ya misheni, wakatoa kivimbe ambacho baadaye walimwambia hakikuwa na ubaya. Akarudi nyumbani Muthara, akaendelea kupalilia kahawa yake. Ngozi ilijikunja mahali pale ikabaki ngumu, na mama hakuifikiria tena.

Mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Niño iliyozoa barabara zetu, akiwa anaoga, akagusa kitu kigumu chini ya kovu. Hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi katika shule ya msingi huko Mbeere, nyanda za chini za Embu, nilikoolewa. Nilipofika nyumbani likizo ya Aprili aliniambia tukiwa tunachagua maharagwe, kwa sauti ileile ambayo angenijulisha kwamba mbuzi amezaa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilisukuma ungo maharagwe yakamwagika, nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akaanza kuyaokota moja moja. Akasema hakunyamaza, alikuwa anangoja shule zifungwe.

Daktari aliyemwona Meru mjini alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili kilichotushinda sisi wote. Alimpima kwa vidole, akampiga picha ya eksirei, akaingiza sindano kutafuta majimaji na hakupata kitu. Kisha akatuambia ukweli bila kuzungusha. Huenda kovu lenyewe lilikuwa linajikaza kwa uzee, akasema, na huenda kuna kitu kinachoota chini yake. Kwa mkono hakuweza kujua, na picha ilionyesha weupe tu, kwa sababu kovu ni jeupe na uvimbe pia ni mweupe. Njia zilikuwa mbili. Aliondoe titi lote ili tulale usingizi, au twende Nairobi kwenye mashine mpya inayotumia sumaku, ambako wangemwingizia dawa ya kutofautisha.

Nilidhani mama angechagua kisu. Watu wa umri wake walipenda jambo liishe. Lakini alifunga vifungo vya blauzi taratibu, kisha akasema, "Likiwa na ugonjwa, toa. Lakini sikatwi kwa kukisia."

Hivyo tukaenda Nairobi. Jinsi pesa zilivyopatikana ni hadithi ya kanisa zima na shule mbili, na sitaianza hapa.

Mama alivuliwa kila kitu chenye chuma, mpaka pini ya kushikilia gagulo. Kisha wakamlaza kifudifudi kwenye kitanda chenye matundu mawili, matiti yakaning'inia ndani yake, wakamchoma sindano ya mpira mkononi na kumwambia asitikisike. Aligeuza uso akanitazama. Akaniambia kwa Kimeru kwamba sasa anajua ng'ombe wake huwa wanawaza nini wakati wa kukamuliwa. Fundi wa mashine, kijana mwenye kujali kazi yake, aliuliza mama amesema nini, nikamwambia anasali.

Kabla hawajamwingiza ndani, mama alimuuliza kama ile dawa ya kwenye mshipa ni ya kuponya. Yule kijana akamjibu kwamba ni ya kuwasaidia kuona. Mama aliitikia kwa kichwa. Nilimjua mama. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchomwa sindano ya kumsaidia mtu mwingine kuona, na kwake kitu kilichoingia mwilini kwa sindano kilikuwa dawa, na dawa kazi yake ilikuwa moja.

Mashine ilianza kugonga kama mashine ya kusaga posho iliyokwamwa na punje. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo, na kwa sababu sikuweza kutulia nilimchimba fundi maswali. Alinijibu vizuri. Alisema wanapiga picha kwanza bila dawa, kisha wanaingiza dawa na kupiga tena, na tena, na tena, wakiangalia inavyosambaa na damu. Kansa inajijengea vijishipa vyake kwa pupa, vingi, vibovu, vinavyovuja. Dawa ikipita karibu, inakimbilia pale, na mahali pale panang'aa kabla ya sehemu nyingine, halafu panafifia haraka kwa sababu dawa inavuja na kutoka.

Alichomoa filamu ya zamani isiyo na jina, akaiinua kwenye mwanga. Niliona doa jeupe lenye miguumiguu katikati ya kijivu. "Hii ilishika haraka na ikaachia haraka," akasema. "Hapo tunaogopa. Ikishika polepole na kuendelea kupanda, mara nyingi ni uvimbe wa kawaida, ingawa si mara zote. Kovu la zamani halina damu ya maana. Dawa haishiki kabisa."

Nilisimama pale nikiomba, mimi ambaye huwa nasinzia kwenye maombi marefu, nikiomba isishike. Ulikuwa ni woga mtupu, na siuonei haya.

Mama alipotoka, alama za kitanda zilikuwa zimemchora kifua. Aliuliza fundi alikuwa ananiambia nini muda wote ule. Nilimwambia alikuwa ananisifia kwamba amelala vizuri. Sikutaka kumbebesha mambo ya kung'aa na kufifia kabla ya majibu, na majibu yangetumwa kwa daktari wetu Meru baada ya msomi wa picha kuyaandika. Tulirudi kila mtu kwake. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusimamia, kwa hivyo ilikubaliwa kwamba ndugu yangu anayenifuata, aliyekuwa akiishi pale nyumbani na kufuga ng'ombe wa gredi wa maziwa, ndiye atakayempeleka mama kusikia majibu.

Simu ilinifikia kupitia duka moja la Siakago. Mwenye duka alikuja mwenyewe mpaka shuleni, akavua kofia kabla ya kuongea. Alisema nyumbani wananiita, mama anataka kuniona. Niliacha darasa likiwa na chemchemi ya maji imechorwa nusu ubaoni.

Nilipofika Muthara sikukuta kilio. Nyumba ilikuwa imefagiwa kuliko kawaida. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli nje ya jiko, amejifunga leso mpya, na miguuni pake alikuwapo mwanamke ambaye sikutarajia kumwona upande ule wa ua hata siku moja. Alikuwa mama mdogo, mke wa pili wa marehemu baba.

Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu siku ya mazishi ya baba, walipogombania nani atangulie kutupa udongo kaburini. Ua wa miti ulikua kati ya maboma yao, na pale palipokuwa na njia walipanda mwingine. Kanisani, mchungaji alipotuambia tupeane mikono ya amani, hao walipeana vidole. Mimi nilirithi ugomvi huo kama nilivyorithi pua ya mama, bila kuuchunguza. Na sasa mama mdogo alikuwa amepiga goti anampa mama uji wa wimbi uliochachuka, na mama anaunywa.

"Hata hauna donge," mama akaniambia, badala ya salamu. "Miaka yote hii anajua kupika na mimi sina habari."

Nilimvuta ndugu yangu nyuma ya zizi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alianza kunieleza mipango, kwamba mama ameshagawa vitu vyake, kwamba ng'ombe mkubwa ni wangu mimi ingawa nimeolewa, na kwamba alimwita mama mdogo yeye mwenyewe, akamwambia siku ikifika atangulie yeye kutupa udongo, hana neno. Mama mdogo alilia mpaka akashikiliwa. Tangu hapo alikuwa anapita kwenye ua kila asubuhi na kibuyu cha uji. Alikuwa amekata matawi kwa panga lake mwenyewe ili apate njia.

Nilimwambia ndugu yangu anyamaze kidogo. Nilimtaka anieleze maneno ya daktari kama yalivyotoka, kwa Kiswahili kilekile, asiyatafsiri.

Aliyakumbuka yote. Mtu hasahau maneno kama hayo. "Alisema ile dawa haikushika mahali popote," akasema. "Akasema basi hawatamkata. Nimpeleke nyumbani, apumzike, ale anachopenda, aachane na mawazo ya hospitali. Halafu akasema tutaonana baada ya miezi sita, Mungu akipenda." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Daktari akianza kumtaja Mungu, imeisha."

Naomba nieleweke, ndugu yangu hakuwa mjinga. Alikuwa mfugaji. Bwana wa mifugo alikuja pale nyumbani na chupa zake za barafu kumpandisha ng'ombe, na baada ya majuma kadhaa swali lilikuwa moja tu, je, ameshika? Akishika mimba, kuna maziwa na karo ya shule. Asiposhika, ni hasara na huzuni. Miche ya kahawa vilevile, ikishika ni furaha. Katika nyumba yetu hakuna kitu chema kilichowahi kutokana na kutoshika. Na kuhusu kupelekwa nyumbani ukale unachopenda, kila mtu kuanzia Muthara hadi Maua alijua ni akina nani huambiwa hivyo. Ni wale ambao hospitali imewanawia mikono. Daktari alikuwa amewapa habari njema kwa maneno ambayo kwetu yalikuwa yamekwisha kutumika kwa kazi nyingine.

Nilianza kucheka. Ndugu yangu alirudi nyuma hatua moja, akidhani nimerukwa na akili. Nikamshika mabega nikamweleza vijishipa, doa jeupe lenye miguumiguu, na kovu lisilo na damu. Nilichora na kijiti kwenye samadi iliyokauka. Niliona inamwingia polepole, kisha akaketi chini palepale, kichwa katikati ya magoti, akatukana kwa sauti ndogo. Nilimwacha atukane.

Kwa mama haikuingia. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyomweleza ndugu yangu, kwa Kimeru, nikiwa nimeshika mkono wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma nyingi, akaniambia mimi ni mtoto mwema. Alisema hata yeye, mama yake alipokuwa anakufa, alimwambia kwamba amepata rangi nzuri usoni na wiki ijayo watakwenda sokoni pamoja. Watoto huwaambia wazazi hivyo, akasema, na haikuwa dhambi. Kadiri nilivyoendelea kusisitiza, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba hali ni mbaya. Hasira zikanipanda. Nilimwambia kwamba yeye ni mgumu kama lile kovu lake. Akasema hilo nalo atanisamehe kabla hajaondoka.

Basi nikampeleka tena kwa daktari. Aliridhia kwenda, kwa ajili yangu, kama mtu anayemkubalia mtoto ombi la mwisho.

Tulingoja kwenye benchi mpaka akatuita. Mama hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. Aliketi, akaweka kikapu chini, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Daktari, ile siku wewe ilitaja Mungu. Ulikuwa unasema nini?"

Daktari alinitazama, akamtazama mama. "Nilitaja Mungu?" akauliza.

Nilimweleza yaliyotokea. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Aliondoa miwani, akakaa kidogo na kidole kwenye paji la uso, akasema kwao Pwani hilo husemwa hata mtu akikuagiza sukari. Kisha akatoa filamu kwenye bahasha kubwa, akaziweka juu ya taa, mbili kwa mpigo, moja kabla ya dawa na nyingine baada yake, akamwita mama asogee. Aliuchukua mkono wa mama, akakiongoza kidole chake mpaka mahali pa kovu kwenye picha ya kwanza. Palikuwa peusi. Akakipeleka kwenye picha ya pili. Moyo ulikuwa unang'aa, mishipa ilikuwa inang'aa, na mahali pa kovu palikuwa peusi vilevile.

"Hii dawa haiponyi, mama," akasema. "Ni kama tochi. Tumemulika, hakuna mtu."

Mama alibaki na kidole chake pale muda mrefu. Alikisogeza huku na huku, kana kwamba anatafuta mlango. "Kwa hivyo hii si ile ugonjwa," akasema.

"Kwa tunavyoona, ni kovu tu. Nataka nikuone tena baada ya miezi sita nihakikishe halijabadilika. Safari hii nimesema nataka mimi mwenyewe."

Tulitoka tukatembea mpaka Makutano. Malori yalikuwa yanapakua simiti, wauzaji wanapigiana kelele, na mimi nilikuwa na furaha iliyonifanya nitake kumsalimia kila mtu. Nilimnunulia mama soda, tukakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Aliinywa nusu. Nilipomtazama nikaona hana uso wa mtu aliyepona. Niliuliza ana nini.

"Yule sasa atarudi kwake," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akaniambia tufanye taratibu, tukifika nyumbani nisiseme leo, tungoje kidogo, hata wiki moja. Nilimwambia huwezi kumwacha mama mdogo analia kwa ajili ya mtu mzima wa afya, ni wizi huo. Akageuzia uso barabarani. Tangu baba yako afe, akasema, hakuna mtu aliyekaa na mimi asubuhi. Nyinyi mna kazi zenu. Yeye peke yake ndiye anayejua baba yako alikuwa anakoroma vipi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa titi, kwa kisu, kwa jeneza, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niliona aibu kwamba nimekuwa nikimletea sukari na sabuni kila likizo nikidhani nimemtunza. Nikamwambia sawa, sitasema mimi, atasema mwenyewe akitaka.

Mama mdogo alikuwa jikoni kwetu tulipofika, amewasha moto, anakoroga. Alisimama aliposikia lango. Alikuwa mwembamba kuliko mama, na kwa zile siku alikuwa amekonda zaidi, nguo inamning'inia. Alitutazama nyuso, kwanza yangu, kisha ya mama.

"Wamesema nini, Mama Mwalimu?" akamuuliza mama, akimwita kwa kazi yangu.

Niliangalia miguu yangu. Mama alishusha kikapu. Nilimsikia akivuta pumzi, na nilijua anapanga uongo, kwa sababu mama hajui kudanganya bila kuvuta pumzi kwanza. Kisha akaiachia.

"Sina kitu," akasema. "Ni kovu. Tulisikia vibaya. Sifi."

Mama mdogo aliweka mwiko chini, akatupita mlangoni, akatoka nje kuelekea kwenye ua. Mama alishika nguzo ya jiko. Nilitaka kumkimbilia yule mwanamke nimwombe, au nimkaripie, sijui kipi, lakini mama alinizuia kwa mkono. Uji ulikuwa unachemka na hakuna aliyeukoroga.

Mama mdogo alirudi. Alikuwa na kibuyu chake, kile cha kubebea uji, kitupu. Akakiweka mikononi mwa mama, akakisukuma mpaka kikamgusa kifua.

"Basi kesho utaleta wewe," akasema. "Nami mgongo unaniuma tangu mwaka juzi na hakuna aliyeniuliza."

Mama akasema ataleta. Akauliza anaupenda mzito au mwepesi, na mama mdogo akasema mwepesi, na uchachuke. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikalia kwa sauti, na hao wawili hawakugeuka hata kuniangalia, walikuwa wanabishana juu ya wimbi.